Kwangu Jijini, Kwetu Kauntini

Sogeza kiti, na chai ikiwa tayari jimiminie, maana leo sitakimbia.

Kazi yangu ya kwanza redioni haikuwa ya fahari. Sikusoma habari wala sikutangaza mpira. Nilisoma matangazo ya vifo. Kila jioni nililetewa rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mkono, nyingine zina duara la kikombe cha chai, nami nikazisoma polepole ili aliye mbali na redio yenye betri dhaifu asikose jina. Miezi michache tu, nikawa naujua mpangilio wake kwa moyo. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa reli, au mwalimu, au mwenye duka Gikomba. Mwili umehifadhiwa katika chumba cha maiti jijini Nairobi. Habari ziwafikie fulani wa Mombasa, fulani wa Nakuru na fulani aliyeko Saudia. Mikutano ya mazishi inafanyika kila jioni katika mkahawa fulani. Kisha, mwisho kabisa, ikaja safari: mwili utaondoka Ijumaa alfajiri kuelekea kijiji fulani, kata ndogo fulani, kata fulani, tarafa fulani, wilaya fulani.

Mtu ameishi Nairobi miaka 40, amezaa huko, amestaafu huko, na jiji linapata mstari mmoja. Kijiji alichokiaga akiwa na miaka 19 kinapata anwani ya ngazi tano. Ulipofika mwaka 2013, neno wilaya likaanza kutoweka kwenye karatasi zile, na mahali pake likaja neno kaunti. Hakuna aliyewatumia wafiwa waraka. Walibadilisha wenyewe, kama mtu anavyobadilisha kufuli na kuuacha mlango ule ule.

Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa ambayo sijui tungefanyaje bila hayo: kwangu na kwetu. Ukiniuliza kwangu ni wapi, nitakuelekeza vizuri. Panda matatu, shuka steji ya mwisho, vuka barabara, uliza geti la bluu. Ukiniuliza kwetu ni wapi, nitanyamaza kidogo kwanza, kwa sababu hapo hujauliza anwani. Umeuliza baba yangu ni nani, na babu yangu kalazwa wapi. Kwetu ni Taita, milimani. Nikilitamka hilo Nairobi, mara tisa kati ya kumi naulizwa, "Oh, Mombasa?" Voi iko kilomita 150 hivi kutoka Mombasa, na kutoka Voi bado unaupanda mlima, lakini kwa mtu wa Nairobi ukishapita Mtito Andei kote ni Mombasa.

Wako watakaosema haya ni maneno tu. Basi wakumbuke kesi ya wakili Silvano Melea Otieno, aliyefahamika zaidi kwa herufi zake mbili, S. M. Alifariki Desemba 1986. Alikuwa mtu wa Nairobi kwa kila kipimo: kazi yake ilikuwa mjini, marafiki wa mjini, ndoa yake ya mjini, Mluo aliyemwoa Mkikuyu, Wambui Waiyaki. Mjane alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, kule Ngong. Ukoo wake, Umira Kager, ukasema hapana, Mluo anazikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mahakamani hoja ikageuka kuwa ya lugha kabisa. Je, jengo alilolijenga mtu Nairobi, akalala humo na mkewe na watoto wake miaka na miaka, ni nyumbani, au ni nyumba tu? Upande wa ukoo ulishikilia kwamba ni nyumba tu. Mwili ukakaa bila kuzikwa kwa zaidi ya miezi mitano. Mahakama ya Rufani ikaukubalia ukoo, na Mei 1987 S. M. Otieno akazikwa Nyalgunga. Wakati huo hapakuwa na kitu kinachoitwa kaunti ya Siaya. Lakini ninapoulizwa kaunti ilitoka wapi, sianzi na Katiba. Naanza na ile kesi.

Katiba yenyewe ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na ikatupa kaunti 47. Mipaka yake haikuchorwa upya. Ilifuata wilaya zilizowekwa na sheria ya mwaka 1992, na nyingi za wilaya hizo zilikuwa na mizizi katika enzi ya mkoloni, aliyependa kila kabila likae kwenye ramani yake ndogo, lenye chifu wake na kodi yake. Kwa hiyo kaunti ilipozaliwa haikuhitaji kubembeleza mtu aipende. Ilikuta kwetu imekaa pale tayari, ikavaa jina lake. Mtu aliyekuwa akisema "mimi wa Machakos" aliendelea kusema hivyo hivyo, ila sasa Machakos ina gavana, ina bunge dogo, ina bendera, na la maana kuliko yote, ina bajeti.

Bajeti si jambo dogo katika mapenzi. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos kabla haijapewa wilaya yake, na leo jaribu kumwambia mtu wa Wote kwamba yeye ni wa Machakos, uone atakavyokutazama. Huko kaskazini mashariki, mji wa Wajir uliona lami baada ya ugatuzi kuanza, nusu karne baada ya uhuru. Ukilipata hilo, unaanza kuiita kaunti yangu hata kama jina lake ulipewa na karani. Kwetu Taita Taveta mapenzi yalianza kwa ugomvi: makao makuu yawe Wundanyi, au Voi, au Mwatate? Nilifurahi sana kuusikia ugomvi ule. Watu hawagombanii chumba cha nyumba wanayopanga.

Sasa jiji. Jiji ni mnyama mwingine kabisa. Kaunti unazaliwa nayo, jiji hupewa hati. Nairobi ilipewa yake mwaka 1950, hati ya Mfalme George wa Sita, ikaletwa kwa sherehe kubwa huku wengi wa waliolijenga jiji lenyewe wakiwa wamelazimishwa miaka na miaka kutembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni. Mombasa na Kisumu zilipandishwa hadhi mwanzoni mwa milenia hii. Nakuru ikapewa hati tarehe 1 Desemba 2021 na Rais Uhuru Kenyatta, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024 na Rais William Ruto. Sheria ya maeneo ya miji ya mwaka 2011 ilitaka jiji liwe na wakazi nusu milioni. Mwaka 2019 ikarekebishwa, kiwango kikashushwa hadi 250,000. Yaani kuna miji iliyosogea karibu na ujiji bila kuongezewa hata choo kimoja.

Hata neno lenyewe, jiji, linanichekesha. Ni mji uliokuzwa. Mtu akikua kupita kiasi ni jitu, mji ukikua kupita kiasi ni jiji, na wazee wetu hawakuwa wakiongeza ji- mbele ya neno kwa kulisifu kila mara.

Tatizo la wasikilizaji wengi ni hapa: jiji na kaunti vinakaaje pamoja? Nairobi na Mombasa, jiji ndilo kaunti na kaunti ndiyo jiji. Ukiwa ndani ya moja umo ndani ya nyingine, na gavana ni mmoja. Kisumu, Nakuru na Eldoret ni tofauti, maana jiji limo ndani ya kaunti kama kiini ndani ya yai. Kaunti ya Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202 mwaka 2019, na karibu robo tu ndio waliokuwa katika eneo ambalo sasa ni jiji. Waliobaki wako Molo, Njoro, Gilgil, Naivasha, Subukia. Siku Nakuru ilipokuwa jiji, mkulima wa viazi wa Molo hakuwa mtu wa jiji, wala hakutaka kuwa. Na mtu wa Nyakach, ukimtaja kuwa wa Kisumu, atakubali kwa adabu, kisha atakusahihisha: "Nyakach." Kisumu kwake ni mahali pa kwenda kununua vitu na kutibiwa.

Eldoret mambo yanageuka. Pale mji umeimeza kaunti kwa jina. Ni wangapi nje ya Bonde la Ufa wanaosema Uasin Gishu? Wanasema Eldoret, hata wanapomaanisha shamba la mahindi lililo mbali na taa ya barabarani. Na wale wanariadha wa Iten ambao dunia nzima inadhani wanatoka Eldoret, Iten ni mji wa Elgeyo Marakwet, kaunti nyingine, ukingoni mwa bonde la Kerio. Mshinde medali ngapi ndipo muitwe kwa jina lenu?

Meya, ikiwa unamtafuta, hayupo. Aliondoka na mabaraza ya zamani mwaka 2013. Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, na Margaret Kenyatta, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika, wamebaki katika historia pamoja na mikufu yao. Siku hizi jiji lililo ndani ya kaunti huwa na bodi na meneja. Meneja! Kama hoteli. Hebu nitajie meneja wa jiji aliyewahi kuimbiwa na mtu.

Baraza la jiji halipo, lakini Nairobi bado mchuuzi akiona askari wa kaunti anapiga kelele, "Kanju!" Kanju ni kaunsili, ile iliyokufa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Katika masikio ya mama wa mboga haikufa. Ilibadilisha sare.

Tazama pesa zinavyokwenda, hapo ndipo moyo unapoonekana. Namjua mtu anayepanga chumba kimoja mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya sita, mwaka wa 20 sasa, choo cha kushirikiana na milango minane. Kijijini kwao amejenga vyumba vinne, mabati ya rangi, tangi la maji, geti lenye simba wawili. Nyumba ile hufunguliwa Desemba, ikapumua wiki mbili, ikafungwa. Mtaro ukiziba mbele ya mlango wake Pipeline, anauruka. Mtaro ukiziba kijijini, anampigia simu mwakilishi wadi na kumtishia kura. Ana kitambulisho kinachotaja alikozaliwa, na kura yake iko huko huko. Kila sensa au uchaguzi ukikaribia, viongozi hupita jijini wakihimiza watu wao warudi nyumbani, kwa kuwa mgao wa fedha za kaunti huangalia idadi ya vichwa, na viti huangalia kura. Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019. Ni wakazi wote hao. Wenyeji ni wangapi?

Mimi naamini, na mnaweza kuniandikia mkanipinga, kwamba uchafu wa majiji yetu haukuletwa na ukosefu wa magari ya taka peke yake. Jiji lina wakazi wengi na wenyeji wachache. Mkazi hulipa kodi ya nyumba, mwenyeji hufagia.

Na pembezoni mwa jiji mambo yanavurugika zaidi. Anayeishi Ongata Rongai atakuambia anaishi Nairobi. Anafanya kazi Nairobi, analaaniwa na foleni za Nairobi, lakini leseni ya kioski chake inatoka Kajiado. Wa Ruaka na Ruiru wako Kiambu. Wa Syokimau na Mlolongo wako Machakos. Mimi mwenyewe nimo katika kundi hili. Geti la bluu nililowaelekeza liko Kitengela, na Kitengela ni Kajiado, kwa hiyo kwangu si Nairobi na kwetu si Nairobi, na bado nikiwa safarini nikiulizwa natoka wapi, mdomo unasema Nairobi kabla akili haijafika.

Si sisi peke yetu. Neno kaunti tulilipata kwa Mwingereza, na kwake nako ni vurugu tupu. Manchester ilikuwa katika kaunti ya Lancashire mpaka mwaka 1974, mipaka ilipopangwa upya. Wapo ambao mpaka leo hawajakubali kuhama, na timu ya kriketi ya Lancashire bado inachezea Old Trafford. Ndiyo, kuna uwanja wa kriketi wa Old Trafford, si ule wa mpira pekee. Na kwa kuwa tumefika hapo: uwanja wa Manchester United haumo katika mipaka ya jiji la Manchester. Umo katika wilaya ya jirani iitwayo Trafford. Mashabiki wa Manchester City hawalisahau hilo hata siku moja, na sasa nimewapa silaha mashabiki wao wa Kayole, Mungu anisamehe.

Na jirani zetu Tanzania, Februari 2021, Rais Magufuli alilivunja baraza la jiji la Dar es Salaam, na hadhi ya jiji ikahamishiwa manispaa ya Ilala. Kwa karatasi, jiji la Dar es Salaam ni Ilala. Watu wa Temeke, wa Kinondoni, wa Ubungo na wa Kigamboni waliamka asubuhi wakiwa nje ya jiji. Umewahi kumsikia mmoja wao akisema haishi Dar?

Pwani sasa, ambako nimekuwa nikitaka kufika muda wote huu. Watu wa bara wakija likizo Diani huandika kwenye picha zao, "Mombasa raha." Diani ni Kwale, mpenzi. Umevuka feri Likoni, ukaendesha kuelekea kusini, umetoka Mombasa zamani. Mtwapa nayo, ukishavuka daraja, ni Kilifi, ingawa vijana wa Mombasa huimalizia huko Jumamosi yao. Lakini makosa haya yana historia. Kwa Mswahili, mji haukungoja sheria ya 2011. Mji ulikuwa ndio ukoo, ndio lugha, ndio sheria. Kiamu ni cha Lamu, Kipate cha Pate, Kimvita cha Mvita, yaani Mombasa. Waswahili wa Mombasa walijigawa katika mataifa 12, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na ukiyasikiliza majina yao utafikiri kondakta anaita vituo: Wakilindini, Wachangamwe, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza. Ni majina ya miji waliyotoka wazee wao, wakayabeba mpaka Mombasa yakawa majina ya watu. Tena katika lugha hiyo hiyo, mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa panaitwa mji wa mimba. Mji ndio wa kwanza. Shamba ni mahali pa kwenda kuangua nazi.

Ndiyo maana mtu wa Mombasa ya kale hashtuki ukimuuliza kwangu na kwetu. Anakuonyesha nyumba moja. Na ndiyo maana nacheka ninapokisoma kile kipimo cha wakazi 250,000. Mji wa Lamu umekaliwa kwa zaidi ya miaka 700, UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kaunti nzima ya Lamu, pamoja na Mpeketoni na visiwa vyote, ilihesabiwa watu 143,920. Kwa sheria, hata kaunti yote ikijibana katika mtaa wa Mkomani haitoshi kuwa jiji. Sijasikia Mwamu akilalamika.

Hata Nairobi wapo wenyeji, ila hatuwahesabu vizuri. Wanubi wa Kibra ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, wakawekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, msitu ukiwa bado msitu. Wamekuwa Nairobi karibu tangu kuwepo Nairobi. Kwa miongo mingi kijana wao akienda kuomba kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati na kuulizwa asili yake, kwa kuwa nchi ilitaka kila mtu awe na kijiji mahali fulani, na Kibra haikuhesabiwa kuwa kijiji. Hati ya ardhi yao, ekari 288, walikabidhiwa mwaka 2017. Zilizotengwa zamani zilikuwa maelfu.

Jioni moja, katika ile kazi yangu ya matangazo, nililetewa karatasi fupi kuliko zote. Bibi mmoja wa Kibra amefariki asubuhi. Majina ya watoto, majina ya wajukuu, mmoja yuko Kampala. Mazishi kesho baada ya swala ya adhuhuri, Kibra. Basi la wafiwa halikutajwa. Taa nyekundu imeshawaka, nimeshaanza kusoma, nikaona nimefika mwisho mapema mno. Nikaigeuza karatasi kutafuta kata, tarafa na wilaya. Upande wa pili haukuwa na kitu.

Nikachukua karatasi iliyofuata.